Almasi ya pete: unacholipia na unachokiona

Kila picha ya binti aliyevishwa pete ikisambaa mitandaoni, maoni chini yake hupita njia ileile. Mmoja atauliza ni karati ngapi. Mwingine atasema hiyo ni moisanaiti tu, jiwe linalofanana na almasi, kaka wa watu hana ubavu wa almasi ya ukubwa huo. Wa tatu ataapa kwamba almasi ya kweli ukiipulizia pumzi haishiki ukungu. Wa nne, kwa nia njema kabisa, atashangaa iweje kijiwe kidogo vile kiwe cha karati 18 kama muhuri wa ndani ya pete unavyosema. Kila mmoja ana kipande cha ukweli mkononi, ila hakuna aliyeuliza jambo linaloamua kama jiwe litawaka au litakaa limezubaa kidoleni: limekatwaje?

Tuanze na yule wa nne, maana suala lake ndilo linalowatoa watu pesa. Karati ya dhahabu hupima usafi. Dhahabu tupu ni karati 24, kwa hiyo karati 18 maana yake ni sehemu 18 za dhahabu katika kila 24, yaani asilimia 75, na ndiyo maana pete nyingine hupigwa muhuri wa 750. Karati ya almasi ni kipimo kingine kabisa: ni uzito, na karati moja ni gramu 0.2. Almasi tano za karati moja moja ndizo zinazotimiza gramu moja. Almasi ya mviringo ya karati 18 ingekuwa na upana wa milimita 17 hivi, ingeziba kidole kutoka upande hadi upande, na mwenye nayo angetembea na walinzi.

Kuna mtego mwingine hapohapo kwenye uzito. Kijikaratasi cha bei kinaweza kusema "karati 1" na kisiwe kinadanganya, kumbe hiyo ni jumla ya vijiwe thelathini vilivyozungushwa kwenye pete, na jiwe la katikati halifiki hata robo. Vijiwe vidogo hupatikana kwa wingi, na bei yao kwa kila karati ni ya chini mno ukilinganisha na jiwe moja la uzito huohuo. Uliza uzito wa jiwe la katikati peke yake.

Sasa vipimo vyenyewe. Duniani kote wauzaji hutumia mfumo uliosambazwa na GIA, taasisi ya Marekani ya elimu ya vito iliyoanzishwa mwaka 1931. Inapima mambo manne: uzito, rangi, ung'avu na mkato. Ung'avu hapa ni usafi wa jiwe, yaani lina alama au nyufa kiasi gani ndani yake na juu yake. Mkato ni jinsi binadamu alivyolichonga: pembe za nyuso zake, uwiano wake, na ulaini wa kazi ya mwisho. Matatu ya kwanza jiwe limetoka nayo ardhini, ingawa uzito unapunguzwa mezani kwa fundi. La nne ni kazi ya mikono. Ajabu ni kwamba hilo la nne ndilo jicho linaliona kwanza, na ndilo wanunuzi wengi huliuliza mwisho.

Hapa kwetu tuna ushahidi wake. Mwaka 1940 mwanajiolojia wa Kanada, John Williamson, aligundua mwamba wa almasi Mwadui, Shinyanga. Oktoba 1947 mgodi wake ukatoa jiwe la rangi ya waridi la karati 54.5, naye akamzawadia Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, aliyefunga ndoa mwezi uliofuata. Jiwe lilipomalizwa kukatwa London lilikuwa na karati 23.6. Zaidi ya nusu ya kitu ambacho kila chembe yake ilikuwa na bei ilisuguliwa ikaondoka, kwa sababu almasi ghafi haina ule mwako tunaoujua. Ina uso wenye ukungu, mng'ao wa mafutamafuta, na mtu asiye mzoefu anaweza kuiruka akaendelea na safari yake. Waliolikata jiwe lile walikubali kulipa uzito ili wanunue mwanga.

Mwanga unaingiaje katika habari hii? Ukiingia ndani ya almasi, mwendo wake hupungua hadi chini ya nusu ya ule wa hewani, na unapinda sana. Ukifika kwenye nyuso za chini, mambo mawili yanaweza kutokea: unarudishwa juu au unapenya na kupotelea kwenye kidole. Kinachoamua ni pembe. Ni kama kioo cha kinyozi: kikisimama sawa unajiona, kikiinama kidogo tu unaangalia dari. Almasi ya mviringo ya kawaida ina nyuso 57 au 58, kila mmoja ni kioo kidogo, na vyote vinatakiwa viinamishwe kwa namna ambayo mwanga ulioingia kwa juu utoke kwa juu, uelekee machoni mwako.

Mwaka 1919 Marcel Tolkowsky, kijana wa ukoo wa wakata almasi wa Antwerp aliyekuwa akisomea uhandisi London, alifanya hesabu ya pembe hizo. Nyuso za juu alizipa nyuzi 34.5 hivi na za chini nyuzi 40.75. Hadi leo mafundi wanazungukia humohumo. Chini ya jiwe pakiwa na kina kifupi mno, ukilitazama kutoka juu utaona duara jeupe lililofifia ndani yake, mafundi hulifananisha na jicho la samaki. Pakiwa na kina kirefu mno, katikati panakuwa peusi. Yote mawili ni mwanga uliopotea njia.

Basi kwa nini fundi anayejua hesabu hii akate vibaya? Kwa sababu analipwa kwa uzito. Bei ya almasi haipandi polepole, inaruka ngazi: kwenye nusu karati, kwenye karati moja, kwenye moja na nusu, kwenye mbili. Jiwe la karati 1.00 huuzwa kwa bei kubwa kwa kila karati kuliko la 0.95, hata kama jicho haliwezi kuyatofautisha. Fundi mwenye jiwe ghafi linaloweza kutoa 0.93 nzuri au 1.01 nzito chini na nene kiunoni, yaani kwenye ukingo unaolizunguka jiwe, ana kila sababu ya kuchagua ya pili. Wewe mnunuzi unalipia uzito uliofichwa kwenye tumbo la jiwe, mahali ambapo hakuna atakayeuona.

Ukijua hivyo unaweza kuigeuza hesabu ikufae. Almasi ya mviringo ya karati moja iliyokatwa sawasawa ina upana wa milimita 6.5 hivi. Muuzaji akikuonyesha ya karati moja yenye milimita 6.1, jua uzito umezama chini. Na ukipata ya 0.92 iliyokatwa vizuri, kwa juu itaonekana kubwa kuliko ile nzito na itawaka zaidi, kwa pesa pungufu. Pia usitarajie karati mbili kuonekana mara mbili: upana wake ni milimita 8 na kidogo tu. Lakini bei yake ni zaidi ya mara mbili, mara nyingi zaidi sana.

Kwenye cheti cha almasi ya mviringo, ile hati ya vipimo inayotolewa na taasisi kama GIA, tafuta kwanza mstari wa Cut, yaani mkato. Daraja la juu la GIA huandikwa Excellent, kisha Very Good, na kushuka. Mimi nisingeshuka chini ya Very Good hata kwa punguzo la kuvutia, na kwa Excellent ningekuwa tayari kupunguza kila kitu kingine. Angalia pia kina, ambacho kwa jiwe zuri la mviringo huwa kati ya asilimia 59 na 63 ya upana, na ule uso mkubwa bapa wa juu, unaoitwa meza, ambao huwa kati ya asilimia 53 na 60. Hizi si amri, ni mipaka ya kukustua muuzaji akikuletea kitu cha ajabu.

Kwa maumbo mengine, kama yai, tone la machozi au mstatili, namba husaidia kidogo na jicho husaidia sana. Yai na tone huwa na kivuli cheusi katikati kinachofanana na tai ya shingoni. Kikiwa chepesi na kinachezacheza unapogeuza jiwe, si tatizo. Kikibaki cheusi palepale kila upande unaolitazama, rudisha jiwe.

Kulitazama kwenyewe kuna ujanja. Taa za duka la sonara zimechaguliwa kwa kazi: ni nyingi, ndogo na kali, na chini yake hata kipande cha kioo kilichochongwa vizuri kinaweza kukuliza. Omba kusogea dirishani, mbali na zile taa. Litazame kwenye mwanga wa kawaida wa mchana, kisha kwenye kivuli, hata kivuli cha mkono wako. Almasi iliyokatwa vizuri inaendelea kuwa hai kivulini. Ipeleke huku na huku taratibu: utafute weupe unaorudi juu, vicheche vya rangi za upinde wa mvua, na kumetameta kwa sehemu angavu na nyeusi zinazobadilishana nafasi. Jiwe linalong'aa pembeni tu huku katikati limelala, linavuja mwanga. Muuzaji mwaminifu hatakasirika ukisogea dirishani. Anayekasirika amekurahisishia uamuzi.

Rangi na ung'avu: mahali pa kubana matumizi

Rangi hupimwa kwa herufi, kuanzia D, isiyo na rangi kabisa, hadi Z, yenye umanjano au ukahawia unaoonekana. GIA ilianzia D kwa makusudi, ili kujitenga na mifumo ya zamani ambamo kila muuzaji alikuwa na A zake. Wapimaji hulipindua jiwe kichwa chini na kulilinganisha na mawe ya mfano, kwa sababu likiwa limesimama mwako wake huficha rangi. Fikiria maana ya jambo hilo: mtaalamu lazima alipindue ili aione, na wewe hutalivaa limepinduliwa.

Katika dhahabu nyeupe au platinamu, G au H inatosha watu wengi. Katika dhahabu ya njano unaweza kushuka hadi J au K bila aibu, kwa kuwa umanjano wa pete unaumeza ule mdogo wa jiwe. Hii ni habari njema kwa pwani yetu, ambako dhahabu ya njano bado ndiyo dhahabu. Ila jihadhari na jambo moja: dhahabu ya karati 22 ni laini, na makucha yanayoshika jiwe yanataka metali ngumu zaidi. Pete za almasi hutengenezwa kwa karati 18 au 14 kwa sababu hiyo, si kwa sababu sonara anakupunja. (Kwa almasi za waridi, buluu au njano kali sheria inageuka: rangi ikizidi, bei inazidi. Hizo ni biashara nyingine, tuwaachie wenye nazo.)

Ung'avu huangaliwa kwa lenzi ya kukuza mara kumi, na madaraja yake hushuka kutoka FL na IF, yaliyo safi kabisa ndani, kupita VVS, VS na SI, hadi I, lenye alama nyingi (namba 1 au 2 baada ya herufi hugawa daraja, 1 ikiwa bora). Kipimo chako wewe ni kimoja: naona kitu kwa macho, bila lenzi, kwa umbali ninaotazama mkono wangu? Kwa almasi ya mviringo, VS2 kwa kawaida ni safi machoni, na SI1 nyingi ni hivyo pia. Mtu anayelipia VVS ananunua utulivu wa moyo, na wala si uzuri unaoonekana. Kwa mikato yenye nyuso ndefu za mstatili panda daraja, kwa sababu nyuso zile pana zinaonyesha kila kitu kilichomo.

Zaidi ya daraja, uliza alama iko wapi. Doa jeusi chini ya meza linaudhi. Alama nyeupe pembeni inaweza kufunikwa na kucha ya pete ikasahaulika. Ufa unaofika kiunoni mwa jiwe ni jambo zito zaidi, kwa kuwa unaweza kupasuka fundi anapolibana. Na ukisikia jiwe limejazwa nyufa zake kwa kioo, liache. Moto wa fundi unaporekebisha pete unaweza kuharibu ule ujazo, na GIA haitoi cheti kwa mawe ya namna hiyo.

Mstari mmoja wa cheti huwatisha watu bure: fluorescence, yaani tabia ya jiwe kung'aa, mara nyingi kwa buluu, likipigwa na mionzi ya urujuanimno. Almasi nyingi za aina hiyo hazina tatizo lolote, na wafanyabiashara huzipunguzia bei zikiwa na rangi za juu, jambo linaloweza kukufaa wewe. Chache zenye kiwango kikali mno huonekana kama zina maziwa ndani. Toka nayo juani, na jua letu halina huruma, utajua papo hapo.

Majaribio ya mtaani, na almasi za maabara

Pumzi kwanza. Ukungu hushika hata kwenye almasi, ila hutoweka haraka kwa sababu almasi hupitisha joto vizuri. Moisanaiti nayo hufanya karibu vilevile. Kukwaruza kioo hakuthibitishi chochote, kwa kuwa hata kwatzi, jiwe la kawaida tu, hukwaruza kioo. Kugonga kwa nyundo ni balaa: almasi ni ngumu kukwaruzwa kuliko madini yote, lakini ugumu wa kukwaruzwa na uwezo wa kuhimili pigo ni vitu viwili. Ina mielekeo ambayo ikipigwa vizuri inapasuka safi, na wakataji wametumia sifa hiyo kwa karne nyingi. Umevunja jiwe lako la kweli ukithibitisha kuwa lilikuwa la kweli.

Kile kikalamu cha kupimia kinachotumiwa na masonara hupima upitishaji wa joto. Zirkonia, jiwe jingine la kuigiza almasi, ambayo ni laini zaidi na nzito zaidi kuliko almasi kwa ukubwa uleule, hukamatwa mara moja. Moisanaiti hupita kwenye kikalamu cha aina ya zamani, kwa hiyo uliza kama kinapima na upitishaji wa umeme. Kwa lenzi, moisanaiti huonekana na kingo zake za chini zimejirudia mbilimbili, na rangi zake za upinde wa mvua ni nyingi kupita kiasi. Si jiwe baya. Ubaya ni kuuziwa kwa jina la almasi.

Almasi ya maabara ni habari nyingine, na hapa ndipo mkanganyiko wa sasa ulipo. Hiyo si ya bandia kwa maana ya kuigiza. Ni kaboni ileile, ugumu uleule, mwako uleule. Ilitengenezwa kwa mafanikio katika maabara za General Electric, Marekani, mwaka 1954, na leo hutengenezwa ama kwa shinikizo na joto kali ama kwa kuoteshwa kutoka kwenye gesi, tabaka juu ya tabaka. Kikalamu cha sonara hakiwezi kuitambua. Jicho haliwezi. Vinatakiwa vifaa maalumu. Kinachotofautiana ni asili na bei, na bei zake zimeporomoka sana miaka ya karibuni. Mwaka 2018 De Beers, kampuni kubwa ya uchimbaji wa almasi, ilianza kuziuza kwa dola 800 kwa karati, bei iliyoonekana ya kutupa wakati huo. Mwaka 2025 ikatangaza kuifunga biashara hiyo. Mwaka huohuo GIA iliacha kuzipa almasi za maabara madaraja ya kina ya rangi na ung'avu, ikaziweka katika makundi mawili tu. Kama unachotafuta ni uzuri kidoleni, sioni ubaya wowote wa kuichukua. Kuilipia bei ya jiwe la Mwadui ndiko kosa.

Kwa sababu hiyo cheti kisomwe pamoja na jiwe, si peke yake. Mawe mengi huandikwa namba ya cheti kwa leza kiunoni, maandishi yanayosomeka kwa lenzi. Ingiza namba hiyo kwenye tovuti ya taasisi iliyotoa cheti, kisha linganisha uzito na vipimo vya milimita na jiwe lililo mbele yako. Wapo wahalifu waliochora namba za vyeti vya almasi za mgodini kwenye almasi za maabara, na mara nyingi wamekamatwa kwa vipimo visivyolingana. Iwe unanunua Dar es Salaam, Nairobi au Deira kule Dubai, hatua ni hizohizo. Na muuzaji akikuonyesha "cheti cha Kimberley" cha pete yako, mwulize anamaanisha nini: mpango huo ulioanza kazi mwaka 2003 unahusu shehena za almasi ghafi zinazovuka mipaka, hautoi hati kwa jiwe moja lililokatwa.

Bado kuna dhana moja, tuliyoirithi kwa bibi zetu na dhahabu yao, kwamba pete ya almasi ni akiba. Dhahabu ina bei ya gramu inayojulikana kila siku. Sonara anaipima, mnakubaliana. Almasi haina bei ya namna hiyo, na hata wataalamu hawaafikiani. Septemba 2017 shehena ya almasi ghafi za Mwadui ilizuiwa uwanja wa ndege wa Dar es Salaam: nyaraka zilitaja thamani ya karibu dola milioni 14.8, upande wa serikali ukasema ni milioni 29.5. Mawe yaleyale. Ukirudisha pete dukani baada ya mwaka mmoja, tegemea kupewa sehemu ndogo ya ulichotoa, na kwa almasi ya maabara pengine hutapewa kitu zaidi ya bei ya dhahabu yake.

Kwa hiyo dai risiti yenye maneno kamili: almasi ya mgodini au ya maabara, uzito wa jiwe la katikati peke yake, namba ya cheti, na karati za dhahabu. Kubalianeni siku za kuirudisha, umpelekee mjuzi wa vito asiyeuza pete akuangalizie. Na likianza kuzubaa baada ya miezi michache, usikimbilie kumlaumu sonara. Almasi huvuta mafuta. Migodini zamani ilinaswa kwa meza zilizopakwa grisi, maji yakipita na mawe mengine. Losheni na mafuta ya nazi vikiganda chini yake, zile nyuso za chini haziwezi tena kurudisha mwanga. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki laini, usugue kwa nyuma ambako hakuonekani, na uzibe kwanza tundu la sinki.